Maboma ya mviringo ya Ayalandi na Waviking wa Dublin: wanaakiolojia wamejuaje haya yote?

Mwalimu wa Chamwino

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule moja ya sekondari wilayani Chamwino, na nimekuja kwenu na swali ambalo nimeshindwa kulijibu mbele ya darasa, jambo ambalo kwa mwalimu halikai vizuri moyoni.

Tulikuwa katika mada ya vyanzo vya historia. Ili wanafunzi waone kwamba akiolojia haiishii Olduvai, niliwasimulia habari nilizosoma kuhusu Ayalandi ya kati ya karne ya 6 na ya 11: kwamba watu wake hawakuwa na miji kama tunavyoifahamu leo, wakaishi kaya kwa kaya ndani ya maboma ya mviringo, kwamba heshima ya mtu ilipimwa kwa ng'ombe, kwamba wafalme walikuwa wengi na wadogo wadogo, kila mmoja na watu wake, na kwamba kuanzia mwaka 795 kisiwa kile kilianza kuvamiwa na Waviking, mabaharia wa Skandinavia waliokuja kwanza kupora na baadaye wakabaki. Darasa lilichangamka, kwa kuwa wengi wa watoto hawa wametoka katika kaya za wafugaji, na maneno kama zizi, mtamba na mahari hayahitaji ufafanuzi kwao.

Ndipo kijana mmoja mtulivu, asiyezungumza mara kwa mara, aliponyoosha mkono. Alisema kwamba tembe la babu yake, lililojengwa kabla baba yake hajazaliwa, liliachwa likaanguka miaka minne iliyopita, na sasa pamebaki kifusi cha udongo ambacho mgeni angekidhani kuwa kichuguu, kwa sababu boriti zimeliwa na mchwa na fito zimeokotwa kuwa kuni. Kisha akauliza: "Mwalimu, ikiwa nyumba ya babu imepotea kwa miaka minne, hao walioishi katika nyumba za fito miaka 1,300 iliyopita wanajulikanaje, mpaka mtu aseme mlango wao ulielekea upande gani?"

Nilimweleza juu ya vipimo vya kaboni, lakini nilijua kwamba sijamjibu. Naomba wenye ujuzi mnisaidie. Je, maboma yale yalikuwa ngome za vita au mazizi? Habari zake zimetoka ardhini, au zimetoka katika maandishi ya watawa waliojua kusoma na kuandika? Na hao Waviking, ardhi inawaeleza kama wanyang'anyi tu?

Mchimbua Taratibu

Mwalimu, heshima yako. Nimefanya kazi ya uchimbaji wa kiakiolojia kwa miaka kadhaa, zaidi upande wa Kondoa, na swali la kijana huyo ndilo tunalojiuliza kila tunapofungua shimo jipya. Naomba umfikishie pongezi zangu.

Nianze na jina, kwa sababu hapa Kiswahili kinatufaa kuliko Kiingereza. Waingereza waliyaita maeneo haya kwa neno lenye maana ya ngome, na wasomaji wengi wakayafikiria kuwa majengo ya kijeshi. Sisi tuna neno boma, ambalo ni ua wa miiba wa kulaza mifugo, na ni ngome, na ni ofisi ya mkuu wa wilaya, wala hakuna anayechanganyikiwa. Ráth ya Kiayalandi ni boma kwa upana huo huo: tuta la udongo lenye mtaro kwa nje, likizunguka uwanja ambao mara nyingi una kipenyo cha mita 30 hivi, na ndani yake nyumba moja au chache za familia moja. Magharibi ya kisiwa, kwenye mawe mengi, walijenga ukuta wa mawe yasiyotiwa udongo badala ya tuta. Maboma yanayofahamika yanafikia 45,000 na zaidi, katika kisiwa ambacho ukubwa wake ni kama mara mbili ya mkoa wetu wa Dodoma. Nchi ndogo namna hiyo haiwezi kuwa na ngome za vita 45,000. Tuta na mtaro vilitosha kumzuia mwizi asiswage ng'ombe usiku kimya kimya, vilitosha kwa mbwamwitu, na vilimwambia mpita njia kwamba hapa anakaa mtu mwenye hadhi yake. Jeshi lisingezuiwa navyo. Mengi yalijengwa na kukaliwa kati ya mwaka 600 na 900 hivi.

Sasa nije kwenye nyumba. Mwanafunzi wako ana haki, kwa maana hata Ayalandi, katika sehemu nyingi, nyumba zimepotea kama tembe la babu yake, na kilichobaki ni madoa. Nguzo inapooza ardhini, shimo lake hujaa udongo mwingine, mara nyingi mweusi zaidi na laini zaidi. Mchimbaji anayekwangua ardhi kwa ukingo wa mwiko asubuhi na mapema, kabla jua halijafifisha rangi, huyaona madoa hayo yamejipanga duara. Pale duara linapokatika, na udongo umekanyagwa hadi ukagandamana, ndipo palipokuwa mlango. Mingi ilielekea mashariki au kusini-mashariki, ili upepo wa magharibi upige mgongo wa nyumba.

Lakini kuna mahali ambapo ardhi iliwatendea watafiti hisani kubwa. Deer Park Farms, katika eneo la Antrim kaskazini mwa kisiwa, palichimbwa kati ya mwaka 1984 na 1987. Wenyeji wa pale walikuwa wakijenga juu ya mabaki ya waliowatangulia, kizazi baada ya kizazi, mpaka boma likawa kilima, na tabaka za chini zikabaki zimelowa maji wakati wote. Penye maji yaliyotuama hewa haipenyi, na hewa isipopenya kuoza hukaribia kusimama. Wachimbaji walikuta kuta za fito zilizosukwa kama kapu, kuta mbili mbili, na katikati yake pameshindiliwa majani makavu ya kuzuia baridi. Walikuta sehemu za kulala zilizotandikwa vijiti. Walikuta kalibu ya mbao ya fundi viatu. Viroboto na chawa wa binadamu walikuwamo katika takataka za sakafuni, pamoja na mbawakawa wa aina nyingi, ambao kila aina ina mazingira yake, na kwa hiyo humweleza mtafiti kama sakafu ilikuwa kavu au mbichi na kama samadi ilikuwa karibu.

Miimo ya mlango ya mti wa mwaloni ilikuwa imesimama pale pale ilipowekwa, na kwa kuhesabu duru za mwaka ndani ya mbao watafiti walijua kwamba mti wake ulikatwa mwaka 648. Mwalimu, hiki ni kitu ambacho kila nikikifikiria kinanigusa. Kule Belfast, watafiti wa Chuo Kikuu cha Queen's waliunganisha duru za miti hai, boriti za majengo ya kale na magogo yaliyozama kwenye matope, wakapata mfululizo wa miaka zaidi ya 7,000. Mwaka mzuri huacha duru pana, mwaka mbaya huacha duru nyembamba, na mpangilio wa miaka mia moja au mia mbili haujirudii mahali pengine katika mfululizo. Gome likiwa bado lipo, au angalau mbao za chini yake, unaweza kutaja mwaka wenyewe.

Kuhusu maandishi, yapo, na ni mengi. Waayalandi waliandika sheria zao katika karne ya 7 na ya 8, na mojawapo, iitwayo Críth Gablach, ya mwaka 700 hivi, hupanga watu kwa madaraja na kutaja hata ukubwa wa nyumba: mkulima huru wa daraja la juu awe na nyumba ya futi 27. Nyumba zilizochimbwa nyingi ni ndogo kuliko hivyo. Kwa maoni yangu mwanasheria yule aliandika kile ambacho mtu wa daraja lile alipaswa kuwa nacho, nasi tunapima kile ambacho watu walikuwa nacho kweli, na tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo sehemu ya kuvutia zaidi.

Mzee wa Bahi

Mwanangu mwalimu, na wewe mchimbaji, nawasalimu. Nilikuwa afisa mifugo kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na baadaye nilijisomea habari za mifupa ya ng'ombe iliyochimbwa Ayalandi, hasa kazi za Finbar McCormick, ambaye ametumia maisha yake kuhesabu na kupima mifupa hiyo. Ningependa kuongeza hapo, kwa sababu ng'ombe ndiye mwenye nyumba katika habari hii.

Ukitaka kujua kama kaya ilifuga kwa ajili ya nyama au maziwa, tazama jinsia na umri wa wanyama waliochinjwa. Katika maboma yale wengi wa ng'ombe wazima ni majike waliochinjwa uzeeni, na madume wengi waliondolewa wakiwa wachanga kiumri. Huo ni mpango wa mfugaji wa maziwa. Kulikuwa na wataalamu waliosema kwamba ufugaji wa maziwa ungeacha mifupa mingi ya ndama waliochinjwa wiki za mwanzo, ili maziwa yabaki kwa watu. McCormick alijibu kwamba ng'ombe wa zamani hakushusha maziwa bila ndama wake kuwapo, kwa hiyo ndama alilazimika kuishi. Mfugaji yeyote wa huku angemwambia hivyo hivyo. Ng'ombe wetu wa asili humwekei mkono bila kumtanguliza ndama anyonye kidogo. Ndama akifa, nimeona kwa macho yangu ngozi yake ikijazwa nyasi, ikapakwa chumvi, mama akaachwa ailambe, na maziwa yakashuka. Sikufundishwa hayo chuoni. Nilifundishwa na mama mmoja katika zizi lake, nikiwa kijana mwenye cheti kipya mfukoni.

Sheria zao zinamtaja mkulima wa daraja la juu kuwa na ng'ombe 20, fahali 2, maksai 6, nguruwe 20 na kondoo 20. Jina la mtu huru wa kawaida, bóaire, lina neno bó ndani yake, yaani ng'ombe. Bwana aliyejiweza hakuhodhi mifugo yake yote nyumbani. Aliwagawia watu wadogo ng'ombe wa kutunza, nao wakamlipa kila mwaka kwa chakula, kama nyama, siagi na kimea, na kwa kazi za mikono. Huku kwetu pia mtu mwenye mifugo mingi humwekea mwenzake ng'ombe: mtunzaji hunywa maziwa, hutumia samadi, na baada ya mizao kadhaa hupewa mtamba awe wake. Tofauti ni kwamba kule jambo hilo lilimfanya mpokeaji kuwa chini ya bwana kisheria, na bwana alilipia kabisa sehemu ya heshima ya mtu huyo. Kwa hiyo tusiharakishe kusema ni mila moja. Mfugaji anayeogopa kupoteza kundi lote siku moja ataligawa, popote alipo.

Na walikuwa na sababu ya kuogopa. Mtawa Mwingereza Bede aliandika mwaka 731 kwamba Ayalandi hakuna anayekata nyasi wakati wa kiangazi kwa ajili ya majira ya baridi, wala anayewajengea mifugo mabanda, kwa kuwa hali ya hewa ni ya upole. Ni kweli kwa miaka mingi. Lakini kumbukumbu zao zinataja tauni ya ng'ombe karibu na mwaka 700, nami nikiisoma nakumbuka yale wazee walitusimulia kuhusu sotoka ya miaka ya 1890, iliyowafanya watu wa heshima kuwa ombaomba kwa msimu mmoja.

Mwalimu wa Chamwino

Mzee wangu, shikamoo, na nashukuru sana. Ndugu Mchimbua, habari ya mwimo wa mlango wa mwaka 648 nimeisoma darasani leo asubuhi, na yule kijana aliomba niirudie. Bado sijapata upande wa Waviking. Vitabu vya shule vinawataja kwa mstari mmoja, na mstari huo ni wa moto na damu.

Binti Mpwapwa

Mwalimu, na mzee wetu, nawaamkia wote. Niliandika tasnifu kuhusu miji ya biashara, na Dublin ilikuwa mojawapo ya mifano yangu, kwa hiyo nitajaribu.

Moto na damu vilikuwapo. Kumbukumbu za Mwaka za Ulster zinasema kwamba mwaka 821 wapagani waliipora Howth, karibu na Dublin ya leo, wakachukua wanawake wengi mateka. Mwaka 841 Waviking waliweka kambi za merikebu mahali pawili, Dublin na Linn Duachaill, na hapo ndipo uporaji wa msimu ulipogeuka kuwa ukaaji. Katika mtaa mmoja wa Dublin, wachimbaji walifukua makaburi ya vijana wanne wa mwanzo wa ukaaji huo. Meno ya mtu hujengeka utotoni kwa maji na chakula cha mahali alipo, na kemia yake haibadiliki baadaye; kwa hiyo meno yalionyesha kwamba wawili walikulia Skandinavia na wawili walikulia upande wa visiwa vya Uingereza na Ayalandi. Tangu mwanzo kundi lilikuwa mchanganyiko. Katika makaburi ya Kilmainham na Islandbridge, nje kidogo ya mji wa kale, mapanga yamezikwa pamoja na mizani midogo ya kupimia fedha, na ninapenda kuwakumbusha wanafunzi kwamba kaburi lenye vyote viwili halituruhusu kuchagua kama maiti alikuwa mpiganaji au mfanyabiashara.

Watawala wao walifukuzwa mwaka 902, wakarudi 917, na mji uliokua baada ya hapo ndio uliochimbwa na Patrick Wallace na wenzake katika mtaa wa Fishamble kati ya miaka ya 1974 na 1981. Walikuta nyumba zaidi ya mia moja, moja juu ya nyingine, katika udongo mweusi uliolowa kama ule wa Deer Park Farms. Nyumba ya kawaida ilikuwa ya pembe nne, urefu wa mita 8 na nusu hivi, kuta fupi za fito, paa limebebwa na nguzo nne za ndani, meko katikati, na kando zote mbili majukwaa ya kukalia na kulalia. Mipaka ya viwanja haikusogea kwa zaidi ya miaka mia moja, nyumba zikiporomoka na kujengwa upya ndani ya uzio ule ule, na mtu yeyote aliyewahi kugombania kiwanja anajua kwamba mpaka usiosogea una utawala nyuma yake. Vitu vilivyookotwa vinatoka mbali: kaharabu ya Baltiki kwa maelfu ya vipande, hariri ya mashariki, meno ya walrasi kutoka kaskazini. Palikuwa pia na mashua ndogo ya mbao ya kuchezea mtoto.

Kabla ya sarafu, fedha ilikatwakatwa na kupimwa kwenye mizani kwa vipande vya madini ya risasi; mwaka 997 hivi mfalme Sihtric wa Dublin alitoa sarafu za kwanza kutengenezwa Ayalandi. Na mafundi wa mji huo walikuwa mafundi kweli. Merikebu ya vita iliyofukuliwa Roskilde, Denmaki, iitwayo Skuldelev 2, yenye urefu wa mita 30 hivi na nafasi ya wapiga makasia 60 hivi, imeonekana kwa duru za mbao zake kuwa ilijengwa Dublin mwaka 1042. Nakala yake ilisafiri kutoka Roskilde hadi Dublin mwaka 2007.

Lakini sitaki kupita haraka juu ya wale wanawake wa Howth. Mimi ni mtu wa Mpwapwa. Misafara ya kwenda na kutoka Bagamoyo ilipita kwetu, na kuna wazee ambao bado hawapendi kulizungumzia jambo hilo. Dublin ilikuwa soko la watu. Katika ziwa la Lagore, kwenye kisiwa cha kutengenezwa kilichokuwa makao ya wafalme wa Kiayalandi, ulipatikana mnyororo wa chuma wenye pete ya shingo, na hapo si kwa Waviking. Neno cumal, ambalo sheria za Ayalandi zinalitumia kuhesabia thamani ya ardhi na faini, maana yake ya kwanza ni mjakazi. Utumwa ulikuwapo kabla merikebu hazijafika. Wageni waliuongezea soko la ng'ambo. Kwa Ayalandi yenyewe, hata hivyo, miji ni zawadi ya Waviking, kwa sababu kabla yao hapakuwa na kitu cha kuitwa mji.

Mchimbua Taratibu

Dada yangu wa Mpwapwa, nimesoma maelezo yako mara mbili kwa faida kubwa, ila sentensi ya mwisho naomba tuibishanie kidogo. Monasteri kubwa za Ayalandi zilikuwa na zaidi ya sala. Clonmacnoise, kando ya mto Shannon, palikuwa na mafundi wa chuma na wa madini ya thamani, palikuwa na watu wengi, na palikuwa na daraja la mbao la kuvukia mto huo mpana, ambalo nguzo zake za mwaloni zinaonyesha lilijengwa karibu na mwaka 804. Watu hawajengi daraja la namna hiyo kwa ajili ya kijiji. Kama tutapaita mji au la, hapo wataalamu hawajakubaliana, lakini wafalme wa Kiayalandi wenyewe walipavamia na kupachoma mara kwa mara, na hakuna anayevamia mahali pasipo na mali. Waviking walileta mji wa bandari, wenye viwanja, fedha ya kupimwa na merikebu za kwenda mbali. Hilo nakubali kwa moyo wote.

Kuna jambo la Fishamble ambalo linatuhusu sisi tunaoishi Dodoma sasa hivi. Uwanja jirani, Wood Quay, ulikuwa umetengwa kwa ajili ya ofisi za jiji. Mwaka 1978 watu wapatao 20,000 waliandamana wakitaka mji ule wa kale uachwe, na mahakama ilikwisha kuutangaza kuwa eneo la kumbukumbu ya taifa. Ofisi zilijengwa hata hivyo. Kilichookolewa ni kile kilichochimbwa kwa wakati, na uchungu wa jambo lile ulibadilisha jinsi nchi ile ilivyofikiri. Mwaka 2003, barabara ya kupitia Woodstown karibu na Waterford ilipofichua makazi ya Waviking, barabara ndiyo iliyohamishwa.

Hapa kwetu barabara ya mzunguko ya Dodoma ina urefu wa kilometa 112, na kila wiki katapila linafungua ardhi ambayo haijawahi kuangaliwa na mtu yeyote wa fani yetu. Sidai barabara zisijengwe. Mimi mwenyewe nazitumia. Ninachoomba ni mtu mmoja mwenye macho yaliyofunzwa atangulie mbele ya katapila.

Maana ardhi yetu nayo hutunza, ila hutunza vitu vingine. Mchwa watakula boriti yote, lakini hawali udongo uliochomwa. Udongo wa ukuta ulioungua hubaki na alama za fito upande wa ndani, na ukiuangalia unaona unene wa kila ufito na namna ulivyofungwa. Samadi ya zizi hurutubisha ardhi kwa muda ambao mtu hawezi kuamini: huko Narok, Kenya, ilionyeshwa mwaka 2018 kwamba mazizi ya wafugaji wa zaidi ya miaka 1,500, na mengine ya miaka 3,000 na zaidi, bado yanaonekana hata kwa picha za setilaiti kama mabaka ya nyasi nene katikati ya mbuga. Mwalimu, wapeleke wanafunzi kwenye tembe lile la babu. Wapime, wachore, waangalie juu ya ardhi tu, wasichimbe. Mahali popote penye dalili ya ukale uchimbaji unahitaji leseni chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na hata pasingehitaji, shimo lililochimbwa vibaya halirudishwi.

Mwalimu wa Chamwino

Ndugu zangu, tumekwenda Jumamosi, tukiwa kumi na mmoja, baada ya babu mwenyewe kuridhia na kutaka kuongozana nasi. Hatukuchimba.

Kifusi kina urefu wa mita 14 kwa 11, na upande wa magharibi kimeinuka zaidi, ambako babu anasema ndiko paa lilikokuwa na udongo mzito. Kwenye uwanja wa katikati, mahali ng'ombe walipolala, nyasi zimefika magotini ilhali nje ya ukuta ardhi ni nyekundu tupu. Wanafunzi walizunguka ukingo wa nyasi hizo wakiweka kijiti kila hatua, na walipomaliza, zizi lilionekana lote, pamoja na upenyo wake wa kutokea. Babu alisimama kwenye upenyo huo akaonyesha upande ambao mbuzi walikuwa wakitangulia.

Mafiga matatu yapo bado. Ukuta wa nyuma yake uliungua miaka mingi kabla ya nyumba kuachwa, na vipande vyake vimesambaa hapo, vyekundu na vigumu kama kigae. Yule kijana aliinama akaokota kimoja, akakigeuza. Upande wa ndani kulikuwa na mifereji mitatu iliyolala sambamba, na ukipindisha kuelekea jua unaona ndani yake alama ya kamba ya gome la mti iliyofungia fito. Alimpelekea babu yake, ambaye aliitazama kwa muda, kisha akasema kwamba fundo lile ni la bibi, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akifunga kutoka upande mwingine. Tumechora kipande hicho kwa ukubwa wake halisi, tukaandika kilipokutwa, na tukakirudisha pale pale.